Kutoka Nuu Hadi Mukuyuni, Nikiuliza Kilichomo Chunguni

Mmekuwa mkinisimamisha kila mahali, kisimani, mlangoni mwa kanisa, hata juzi nikiwa na mti wa paa begani, mkitaka kujua yaliyonipata Makueni. Nimechoka kusimulia nusunusu nikiwa nimesimama. Haya, nimeandika yote mara moja, mpokezane karatasi. Mambo ya nauli na ruhusa ya kuondoka nimeyaruka kwa sababu hayana utamu.

Mnajua kwamba sili nyama. Wachache mnajua kwamba sinywi maziwa, sili mayai wala samli, na hata asali ya mizinga yangu mwenyewe niliacha. Sababu sikumwambia mtu. Mnajua pia, ingawa mna adabu ya kutolitaja mbele yangu, kwamba dada yangu Katunge hajakanyaga Nuu kwa miaka saba.

Tulizaliwa wawili tu, na wazazi wote wameshatutoka. Katunge alipoolewa na Mutinda wa Mukuyuni, kule Makueni, mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba siku ya ntheo, siku ya mbuzi, ambayo bila hiyo kwetu msichana hahesabiwi kuwa ameolewa. Wakwe walileta mbuzi wao, wakachinja, na mama yake Mutinda akaniletea sahani ya kwanza kwa mikono yake. Nikaisukuma kando. Nikavuta sahani ya chapati alizokuja nazo, nikauliza kwa sauti mbele ya wazee wote, "Hizi zimepikwa na mafuta gani?" Yule mama aliniangalia, akazifunika chapati zake. Wageni waliondoka kabla ya chai, na Katunge akaondoka nao akilia. Nilidhani wamekasirika kwa kuwa nimemdharau mbuzi wao.

Mwezi wa nne mwaka huu nikapata barua ya mistari mitatu. "Kaka, mama mkwe amesema uje ule nyumbani kwake Jumamosi. Ukila, nitakuja Nuu na watoto. Usipokula, amesema tusahauliane." Niliisoma mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Hamu ya dada yangu nilikuwa nayo miaka yote hiyo. Kila nikipepeta ndengu nilikuwa nageuka, nikitarajia atokee kunicheka kwamba napepeta kama mtu anayefukuza nzi.

Nuu hadi Mto Enziu

Niliondoka Alhamisi kwa lori la mfanyabiashara wa ndengu, nimekaa juu ya magunia. Kufika Enziu tukakuta mto umejaa, maji mekundu yanabeba magogo. Dereva akazima injini, akavua viatu, akalala chini ya lori. Tukajua hapo tutakaa.

Tulikaa tangu asubuhi mpaka alasiri. Mama mmoja aliyekuwa ameshuka kutoka vijiji vya karibu alikuwa akiuza uji kutoka kwenye kitete, kibuyu kikubwa cha kwetu, na watu wakapanga foleni. Njaa ilikuwa imenishika, nami nikapanga. Zamu yangu ilipofika nikamuuliza uji ni wa nini.

"Ni ya mawele," akasema. "Sukari kidogo, ndimu kidogo."

"Na kitete hiki, mwaitu, kiliwahi kutiwa maziwa?"

Kwetu mwaitu ni mama yangu, na mwanamke yeyote wa umri huo tunamwita hivyo. Nilidhani heshima hiyo itatosha.

"Kitete ni kitete."

"Lakini kiliwahi kutiwa maziwa? Ama kupakwa mafuta ndani?"

Abiria wawili waliokuwa wamenyoosha vikombe wakavirudisha kifuani. Yule mama akajimiminia kikombe kizima, akanywa polepole huku ameniangalia machoni mpaka kikaisha, kisha akakigeuza chini juu nione kwamba ni kitupu.

"Umeona nimekunywa?"

"Nimeona."

"Basi kunywa ama utoke kwa laini."

Nikatoka kwa laini. Nilimchukulia kuwa mtu aliyeungua na jua, hasira ziko karibu. Nikarudi kwenye magunia na njaa yangu. Ng'ambo ya mto ng'ombe wakateremka kunywa, kengele zao zikilia shingoni, na mchungaji akiwapigia mluzi ule ule tuliokuwa tukipiga nyumbani. Abiria wenzangu wakaanza kuwasifia, huyu mweupe, yule mwenye pembe pana. Mimi nikageuza uso, nikawa nahesabu mishono ya gunia. Sikutaka kuwaona wala kuwasikia, na wakati huo huo nilitamani mto ukauke nivuke nikawashike migongo.

Migwani

Tulivuka jua likishuka, na lori likaniacha Migwani nikiwa nimekosa basi la Kitui. Nililala kwa mshiriki mmoja wa kanisa letu, asubuhi nikaingia hoteli kando ya soko. Bei zilikuwa zimeandikwa ukutani kwa chaki: maharagwe, karanga, matumbo, chai, mkate.

Nikaagiza maharagwe. Sahani ilipofika nikainama nikainusa, kisha nikamwita mpishi.

"Hii umekaanga na nini?"

"Na kitunguu na nyanya na mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mafuta ya kupikia."

"Yametoka kwa nini? Kwa mnyama ama kwa mbegu?"

"Yametoka kwa kopo, mzee."

Nikamwomba alete kopo. Alilileta, kijana wa watu, akilishika kwa kitambaa. Lilikuwa na picha ya chapati zinazotoa mvuke na maneno ya Kiingereza pembeni. Nililizungusha mara tatu, sikuona mahali palipoandikwa mafuta yenyewe yametokana na nini. Wanasifia tu kwamba ni meupe na hayaharibiki upesi, kama kwamba nataka kuyaoa. Nikauliza kama mkate una maziwa ndani. Mpishi akaniambia, "Mkate iko na mkate ndani," na hakuwa anafanya mzaha.

Wakati huo mwenye hoteli, mtu mnene mwenye kofia ya sufi, alikuwa ameacha kaunta yake na kunisimamia kichwani.

"Mzee, wewe unakula ama unafanya msako?"

"Naulizia chakula tu, bwana."

"Angalia hawa." Nikaangalia. Meza ya jirani watu watatu walikuwa wamesukuma sahani zao katikati na kukunja mikono. "Hawa walikuwa wanakula vizuri. Umenusa maharagwe yangu mbele yao, umeitisha kopo. Sasa nani atanilipa hizo sahani? Hapa hatuwekei watu vitu. Kama kwenu mnawekeana, rudi kwenu."

"Sikusema umeweka kitu."

"Umesema na pua."

Nilitoka bila kula. Sokoni nikanunua ndizi mbili, chakula ambacho hakihitaji maelezo. Nikazila nimeegemea ukuta, nikiwalaumu watu wa Migwani kwa ukali wao. Hata hapo akili yangu haikufunguka.

Kitui, kwa Mama Zuhura

Basi lilipata pancha mbili kabla ya Kitui, na spea ilikuwa moja. Nilifika mjini Ijumaa baada ya watu kutoka msikitini, la Machakos limeshaondoka, na ndizi zangu zimebaki kumbukumbu. Mtu akanielekeza kwa Mama Zuhura, anayepika na kukodisha vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Babu yake alikuja kutoka pwani na wafanyabiashara, wakazaana hapo hapo Kitui, na Kikamba chake kinashinda cha wengi wenu. Lakini Kiswahili chake ni cha nyumbani kwao bado.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikauliza kilichomo chunguni huku nimesimama karibu na mlango.

"Mbaazi," akasema bila kuinua kichwa. "Tui la nazi, kitunguu, bizari kidogo, chumvi. Mahamri ni unga, sukari, hamira, iliki, na tui tena, nayakaanga kwa mafuta ya mbegu za pamba. Umetosheka, bwana, au nikuletee na kuni ninazopikia uzionje?"

Nikakaa. Marafiki zangu, nilikula kama mtu aliyeachiliwa. Mbaazi zile zilinirudisha jikoni kwa mama, siku za kumenya, Katunge akila mbichi kwa siri na mama akimpiga kikofi cha mkono bila hata kumtazama. Nilikuwa naona vidole vyake vya kijani. Nikasikia uchungu wa kumtaka dada yangu mpaka ikabidi nipumzike kumeza.

Mama Zuhura akaja kuongeza chai ya rangi. Nikamuuliza kwa nini yeye hakukasirika, nikamsimulia ya Enziu na ya Migwani. Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi.

"Mimi nikasirike nini? Nikienda kwa watu na mimi huuliza nani kachinja. Nimeuliza toka utoto, watu wanajua ni dini yangu, wananisamehe. Lakini wewe ni Mkamba, unaniuliza mimi? Huku mtu akidadisi kilichomo chunguni huwa anasema nini?"

"Anasema nini?"

"Anasema mwenye chungu ni mchawi. Anaogopa katiliwa kitu. Yule mama wa uji alikunywa mbele yako kwa nini, unafikiri alikuwa na kiu?"

Nikaliweka hamri chini.

Mtaniuliza, Mkamba mzima, tena wa Kitui, nilikosaje kujua? Nilijua, kama kila mmoja wenu anavyojua. Uoi, yaani uchawi, ni neno la kwetu, na tumeona mama wa watu akihamishwa na watoto wake kwa neno hilo tu. Lakini mimi nilikuwa najua moyoni ninachouliza, na nikadhani wanaonisikia wanasikia kilicho moyoni mwangu. Kumbe siku ya ntheo sikumdharau mbuzi wa mtu. Nilisukuma sahani ya mama mkwe wa dada yangu, nikamuuliza mbele ya wazee ametia nini kwenye chakula. Nilimwita muoi mchana kweupe. Na Katunge aliishi nyumbani kwa mama huyo miaka saba, akiwa dada wa mtu aliyesema hivyo.

"Kesho nakwenda kula kwake," nikamwambia Mama Zuhura. "Nifanye nini?"

"Kula. Na usiulize."

"Na kama kuna samli?"

Alichukua kikombe changu, akakitazama kama kina majani. "Basi kuna samli, Bwana Kimanzi. Utachagua wewe."

Machakos

Jumamosi basi liliondoka mapema. Tulivuka Athi mvua ikinyesha, madirisha yamefungwa. Nilikuwa nimeapa kutouliza mtu chochote tena, kwa hiyo mama wa kanisa aliyekaa karibu nami aliponikaribisha yai la kuchemsha, nikasema uongo. Nikamwambia tumbo linaniuma.

"Linauma wapi?"

"Hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu... zamani."

Akaniwekea mkono tumboni, akafumba macho na kuniombea kwa sauti. Aliyataja matumbo yangu moja moja. Walio nyuma wakaitikia, walio mbele wakageuka kuitikia, hata kondakta akavua kofia, na mwisho basi zima likasema amina. Akanimenyea yai, akanipa kwa imani. Nililifunga ndani ya leso, nikamwambia nitalila nikishuka. Machakos nilimpa mwombaji wa stendi, ambaye hakuuliza lina nini ndani.

Gari la Mukuyuni lilichelewa kujaa. Nilikaa kituoni kwa saa nyingi, nikijaribu kuamua. Miaka mingi, tangu kabla ya ntheo, sikuwa nimeonja samli. Nilikuwa nimejiahidi mbele ya mizoga, na ahadi hiyo ndiyo kitu pekee nilichoweza kuwafanyia walioondoka. Dada yangu alikuwa hai. Nilijaribu kulipima jambo hilo kwa kila upande, na gari likaja kabla sijamaliza.

Mukuyuni

Katunge alikuwa amesimama sokoni, mtoto mgongoni. Nilimjua kwa jinsi alivyokanyaga mguu mmoja juu ya mwingine, hiyo hakuiacha. Kando ya sikio nywele zimeingia mvi, na ni mdogo wangu. Nilitaka kumkumbatia. Akanipa mkono kama mgeni wa mkutano.

"Umefika, kaka. Twende, wanangoja."

Njiani nikamwambia, "Katunge, sasa nimejua nilichosema siku ile." Alipunguza mwendo nikawa sambamba naye.

Ndani walikuwa Mutinda, wazee watatu wa ukoo wao, na Mwaitu Kalunde, mama mkwe mwenyewe. Amezeeka, lakini mgongo bado umenyooka. Tukasalimiana. Hapakuwa na mbuzi. Alikwenda jikoni, akarudi na sahani moja ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa kwenye kinu, yaliyochanganywa na mbaazi. Harufu ilinifikia kabla ya sahani. Ilikuwa samli, ya kusukwa nyumbani, iliyowekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima.

Akaniwekea magotini. Hakusema ni nini. Chumba kizima kilitazama mdomo wangu. Katunge alikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa, amefumba macho.

Niliomba, nikala. Kijiko cha kwanza nikameza haraka. Cha pili nikakitafuna, na hapo ndipo nyumbani kwetu kote kulipofunguka mdomoni, mama, boma, moshi wa kinyesi kikavu, Katunge mdogo analamba mwiko. Cha tatu sikuweza kukiona, machozi yalikuwa yamejaa.

"Ni nini sasa?" Mwaitu Kalunde akasema, na sauti yake ilikuwa imekaza. "Umeona kitu ndani?"

"Hapana, mwaitu. Chakula ni kizuri sana. Ni mimi."

Nikawaambia. Ule mwaka wa ukame mkubwa, wakati tulipokula mahindi ya njano ya msaada, tulikuwa na ng'ombe tisa na mimi ndiye niliyebaki nao. Watu waliniambia nichinje kabla hawajafa, angalau tupate nyama ya kukausha. Nikachinja, mmoja baada ya mwingine, walikuwa hawana hata damu ya kutosha. Wa mwisho, jike jekundu, alikuwa haamki tena ila akisikia sauti yangu. Asubuhi ile nilimwita, akajitahidi akainuka, akaja, akanilamba mkono kutafuta chumvi. Kisu kilikuwa kwenye mkono wa pili. Tangu siku hiyo chochote kilichotoka kwa mnyama kinanishinda, na sikusema sababu kwa kuwa niliona haya, mwanamume kulilia ng'ombe.

Hakuna aliyecheka. Mwaitu Kalunde akauliza, "Walikuwa na majina?"

Nikawataja. Nzeu. Karani. Sabuni. Mavuno. Wale mapacha, Soda na Chai. Kasisi, kwa sababu ya shingo nyeupe. Ng'ombe wa mama, ambaye hakuwa na jina zaidi ya hilo. Na yule jike jekundu, Ndune. Mzee mmoja alikuwa akitikisa kichwa kwa kila jina.

Mwaitu Kalunde akainuka, akachukua sahani kutoka magotini mwangu, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu nami, akaanza kula kwa kijiko changu. Alikula yote mbele ya wazee wake, mpaka punje ya mwisho, na sote tukamngoja.

"Mimi si muoi, Kimanzi."

"Najua, mwaitu. Nisamehe."

"Ungesema tu ni ng'ombe. Hapa nani hakuzika ng'ombe?" Akanipa kijiko kitupu, kisha akamgeukia Katunge. "Shule zikifunga utaenda kwenu na watoto. Sasa letea kaka yako viazi. Viazi haina mafuta."

Wazee wakaanza kuongea habari za mvua. Katunge akaja na viazi vitamu vya kuchemsha, akaketi mkekani karibu na mguu wangu, akawa ananimenyea bila kuinua uso.

"Nilirudi kutoka bodingi nikakuta boma tupu," akasema kwa sauti ya chini, ya mimi tu kusikia. "Uliniambia, 'wameisha.' Neno moja. Ukaenda shambani. Kaka, ni mimi nilikuwa nakamua Ndune kila asubuhi kabla nipelekwe bodingi. Ulifikiria mimi sikuwa nawalilia?"

Nilishuka kwenye kiti, nikakaa naye mkekani, nikamega kiazi na kumpa nusu. Tukala, na nikaanza kumsimulia wote tisa, mmoja mmoja, kila mmoja aliondoka siku gani na aliangalia upande gani.